Andika Bei Yako

Mwenye biashara ndogo anapofungua tovuti, watu wanaomtakia mema humpa ushauri mmoja: weka picha nzuri, weka namba ya simu, ila bei usiandike. Mteja akiitaka, atauliza. Akishauliza umempata, utamweleza ubora wa kazi yako, utapima uwezo wake, na mtaelewana. Ndiyo maana kurasa za mafundi samani, wenye kumbi, wapishi, wapambaji na waongoza watalii zinafanana mno: picha kumi za kuvutia, kisha chini yake "bei ni maelewano" au "kwa bei njoo inboksi".

Ushauri huu umezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeuhoji. Mimi nauona kuwa ndio unaozifanya tovuti nyingi ndogo zisilete wateja. Mwenye tovuti akiona kimya, hudhani tatizo ni rangi, nembo au picha. Humwita mtengenezaji aipambe upya, hulipa mara ya pili, na kimya kinabaki palepale. Wakati wote huo, mteja aliingia, akatafuta kitu kimoja, akakikosa, akaondoka. Wanaotetea kuficha bei wana sababu zao, na si sababu za kipuuzi, kwa hiyo nitazijibu moja baada ya nyingine. Lakini kwanza tumsikilize mteja, maana katika mjadala huu yeye mara nyingi hana msemaji.

Fikiria katibu wa kamati ya harusi jijini Dar es Salaam. Kikao ni Jumapili saa kumi jioni. Ametumwa alete majina ya kumbi tatu, kila moja na gharama yake, maana kamati haiwezi kupanga michango kwa kitu kisichojulikana kitagharimu kiasi gani. Ijumaa saa nne usiku, baada ya kazi na foleni, anakaa na simu. Anafungua tovuti ya ukumbi wa kwanza: taa, vitambaa vyeupe, bustani. Bei hakuna. Anatuma meseji: "Habari, naomba kujua gharama za ukumbi kwa watu 250." Hakuna anayejibu. Ukumbi wa pili umeandika "piga simu kwa maelezo zaidi". Anapiga, simu inaita mpaka inakata. Kwenye tovuti ya ukumbi wa tatu anakuta hivi:

"Ukumbi, hadi watu 300: Ijumaa hadi Jumapili sh. 1,800,000, siku nyingine sh. 1,200,000. Bei inajumuisha viti, meza, jenereta na walinzi. Haijumuishi mapambo na muziki. Unaruhusiwa kuja na mpishi wako bila malipo ya ziada. Malipo ya awali ni asilimia 30. Ukiahirisha mwezi mmoja kabla, fedha yako inahamia tarehe mpya."

Mfano huu ni wa kubuni, lakini kila aliyewahi kukaa kwenye kamati anajua mwisho wake. Jumapili unajadiliwa ukumbi wa tatu. Wajumbe wanagawanya gharama, mmoja anauliza kuhusu maegesho, mwingine anasema jenereta imo, na katibu anaambiwa akalipe malipo ya awali. Ukumbi wa kwanza unajibu Jumatatu asubuhi, kwa adabu zote, wakati jambo limeshaamuliwa. Huenda ulikuwa bora na wa nafuu zaidi. Haukupata hata nafasi ya kukataliwa.

Hapo kuna jambo ambalo ushauri wa kuficha bei haulizingatii kabisa. Uamuzi wa kununua mara nyingi hufanyika pale ambapo muuzaji hayupo. Unafanyika kwenye kikao cha kamati, chumbani kati ya mume na mke, ofisini kati ya karani na bosi wake, au kwenye kundi la WhatsApp la ndugu walioko Muscat na Minneapolis wanaomjengea mama yao nyumba kijijini. Katika vikao hivyo vyote yupo mtu mmoja aliyeiona tovuti yako na anataka kukutetea. Ukimnyima bei, umemwacha hana la kusema.

Sababu ya kwanza ya wanaoficha ni hofu: bei itamtisha mteja kabla hajaelezwa ubora. Inaonekana ya busara, mpaka uulize mteja anafikiri nini anapokuta bei haipo. Hafikiri kwamba bidhaa ni rahisi. Anajua muuzaji mwenye bei nzuri huitangaza kwa sauti. Akinyamaza, mteja anahitimisha kwamba ni ghali, au kwamba bei itapangwa kwa kumtazama mtu. Wanauchumi wamelifikiria jambo hili kwa makini. Mwaka 1981 Sanford Grossman na Paul Milgrom, kila mmoja katika makala yake, walionyesha kwamba mnunuzi anayejua kuwa muuzaji angeweza kusema bila gharama, lakini akachagua kunyamaza, ana haki ya kuudhania ukimya huo mabaya. Mwenye habari njema huitoa. Anayemfuata kwa ubora naye huitoa, asije akahesabiwa pamoja na walio chini yake. Mwisho wanaobaki kimya ni wale wenye habari mbaya kabisa, na mnunuzi anawasoma hivyo. Kwa hiyo ukificha bei ya wastani, unajiweka mwenyewe kwenye fungu la walio ghali.

Tena hofu hii inasahau kwamba mteja asiye na uwezo huo hatanunua hata ukimweleza kwa saa nzima. Bei iliyoandikwa humwondoa mapema, na inakuokoa wewe na yeye. Inamwokoa hasa yeye. Mtu kuuliza bei, kutajiwa kiasi kisichofikika, kisha kutafuta maneno ya kujitoa ni fedheha ndogo, na watu wengi wa kipato cha kawaida hawaitaki. Wengi wao hawaulizi kabisa. Wanatazama picha, wanadhani si pa kwao, wanafunga ukurasa. Baadhi walikuwa na fedha ya kutosha. Huyu mteja mwenye haya ndiye ninayemhurumia zaidi, kwa sababu muuzaji hatajua kamwe kwamba alikuwepo.

Sababu ya pili ni washindani: nikiandika bei, jirani ataiona na kushusha yake kidogo. Lakini jirani anayetaka kujua bei yako hazuiwi na tovuti. Atamtuma kijana akupigie akijifanya mteja, na utamtajia bila kusita. Mafundi wa eneo moja hununua mbao duka moja na hupokezana vibarua. Bei zao wanazijua. Ukificha, anayebaki gizani ni mteja peke yake. Na kama jirani atashusha, atakuwa amekulazimisha ufanye kitu cha manufaa: ueleze tofauti. Fundi anayeandika "kabati la mninga, milango mitatu, bawaba za chuma, dhamana ya mwaka mmoja" na bei yake hatishwi na kabati la unga wa mbao uliobanwa linalouzwa kwa nusu ya bei hiyo. Anayetishwa ni yule aliyeweka picha tupu, maana kwenye picha makabati yote mawili yanang'aa sawasawa.

Sababu ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: bei inategemea kazi. Nani anaweza kuandika bei ya geti, ya shela, ya ukarabati wa bafu, ya safari ya mlimani, kabla hajajua mteja anataka nini? Ni kweli kwamba kazi hutofautiana. Si kweli kwamba hakuna cha kuandika.

Chukua kampuni ndogo ya Moshi inayopandisha wageni Mlima Kilimanjaro. Tovuti nyingi za aina hiyo humwambia mgeni ajaze fomu na kusubiri barua pepe. Sababu inayotolewa ni kwamba safari hutofautiana kwa njia, idadi ya siku na ukubwa wa kundi. Lakini sehemu kubwa ya gharama inajulikana na kila mtu. Kwa viwango vya hifadhi vilivyotumika miaka ya karibuni, mgeni mtu mzima asiye raia wa Afrika Mashariki hulipiwa dola 70 kwa kila siku ya kuwa hifadhini, dola 50 kwa kila usiku wa kambi, na dola 20 za uokoaji kwa safari nzima, kabla ya VAT ya asilimia 18. Safari ya siku saba kwa njia ya Machame ina usiku sita. Piga hesabu: 490, jumlisha 300, jumlisha 20, unapata 810. Weka VAT, unafika karibu dola 956. Hapo bado hujamlipa kiongozi, mpishi wala mpagazi. Hujanunua chakula, hujakodi gari, hujapata faida.

Sasa mwandikie mgeni hesabu hiyo kwenye ukurasa wako. Mwonyeshe kiasi kinachokwenda hifadhini, kinachowalipa wapagazi, kinachonunua chakula, na kinachobaki kwa kampuni. Mgeni huyo amekwisha kuona mahali pengine safari ileile ikitangazwa kwa bei ya kutupa, na hajui amwamini nani. Akishaona kwamba karibu dola elfu moja zinakwenda serikalini bila kupunguzwa, anaelewa mwenyewe kwamba safari ya bei ya kutupa lazima imbane mtu fulani, na anayebanwa mara nyingi ni mpagazi anayepanda na mzigo kichwani. Hujamtukana mshindani. Hujasema wewe ni bora. Hesabu imesema, na imemlinda mpagazi pia. Kampuni yenye mshahara wa haki, ikificha bei, inajinyima hoja yake yenye nguvu kuliko zote.

Somo ni hilohilo kwa fundi geti na mshonaji. Asiyeweza kuandika bei moja anaweza kuandika "kuanzia" na kusema kiwango hicho kinampa mteja nini. Anaweza kuonyesha kazi tatu alizokwisha kuzifanya, ndogo, ya kati na kubwa, na chini ya kila picha akaandika vipimo, malighafi, siku zilizotumika na gharama iliyolipwa. Anaweza kueleza kinachopandisha bei: unene wa bomba, nakshi, umbali wa kusafirisha, haraka ya kazi. Mteja akisoma hayo anajua yake itaangukia wapi, na akija anakuja na swali la mtu aliyekwisha kukubali nusu ya safari. "Kuanzia" nayo iwe ya kweli. Kuandika kiwango ambacho hakuna aliyewahi kukilipa ili kumvuta mtu ni ulaghai, na mteja akishaugundua haamini tena neno lingine lolote kwenye ukurasa huo.

Sababu ya nne husemwa kwa fahari: sisi ni watu wa kupatana, bei ya kudumu ni mambo ya wageni. Nalipenda soko la Kariakoo kama anavyolipenda mwingine yeyote, na kupatana kuna raha na ustadi wake. Lakini kupatana kunahitaji watu wawili waonane. Mnunuzi anashika kitambaa, anaangalia mshono, anaondoka hatua mbili ili aitwe. Muuzaji anasoma uso wake. Kwenye simu hakuna kitambaa wala uso, na mteja akiondoka haonekani, kwa hiyo hakuna wa kumwita arudi.

Isitoshe, si kweli kwamba bei ya wazi ni ngeni kwetu. Mama anamtuma mtoto wa miaka saba dukani kwa Mangi, muuzaji wa mtaani, kununua sukari, na mtoto anarudi na chenji sahihi. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Viwango vya makato vikabandikwa ukutani kwa mawakala, na hakuna anayebishana na wakala apunguziwe. Nauli ya daladala inajulikana kabla hujapanda. Huduma hizi zimeingia katika maisha ya watu wa kila kipato, na sababu mojawapo ni kwamba hakuna anayeogopa kuzisogelea.

Na hao wageni wenyewe hawakuzaliwa na bei za kudumu. Ulaya nayo ilikuwa na masoko ya kupatana. Katika karne ya 17 wafanyabiashara wa Uingereza wa dhehebu la Quaker walikuwa na msimamo wa bei moja kwa kila mtu, wakiona kwamba kutaja bei usiyokusudia kuipokea ni aina ya uongo. George Fox, mwasisi wa dhehebu hilo, aliandika katika kumbukumbu zake kwamba watu walifikia kuwaamini kiasi cha kujua kuwa hata wakimtuma mtoto dukani kwao, atahudumiwa sawa na mtu mzima. Karne mbili baadaye Aristide Boucicaut, aliyeingia ubia katika duka la Le Bon Marché mjini Paris mwaka 1852, aliweka bei moja isiyojadiliwa kwa kila bidhaa, na duka lile likawa mfano ulioigwa na maduka makubwa ya nchi nyingi. Wote hawa walijenga imani ya watu wasiowajua kwa sura, na hiyo ndiyo kazi iliyo mbele ya kila mwenye tovuti.

Ipo sababu ya tano, ambayo haisemwi sana lakini inafanya kazi chinichini: bei ikiandikwa, meseji zitapungua. Zitapungua kweli. Mwenye biashara aliyezoea kuona simu ikilia siku nzima atadhani soko limekufa. Lakini wingi wa meseji si wingi wa wateja. Meseji inayouliza "bei gani?" ni kazi ambayo ukurasa ungeifanya usiku wewe ukiwa umelala; meseji inayosema "nataka ile ya sh. 450,000, naomba kuletewa Jumamosi" ni mauzo. Anayetaka kupima ahesabu oda zilizolipwa na fedha iliyoingia, kwa miezi miwili kabla na miwili baada ya kuandika bei. Daftari litamjibu vizuri kuliko mlio wa simu.

Kwamba bei hubadilika, dola ikipanda au unga ukipanda, hilo ni jepesi kuliko linavyosemwa. Kipeperushi kilichochapwa kilihitaji kuchapwa upya. Ukurasa unabadilishwa kwa dakika chache. Andika tarehe: "bei hizi zimehakikiwa Machi", na siku ukihakiki tena ubadilishe mwezi. Mteja akiona tarehe ya karibuni anajua pia kwamba biashara ipo hai na kuna mtu anayeiangalia.

Nakubali kwamba si kila kazi inaandikika. Anayejenga ghorofa, anayeomba zabuni, anayeuza kwa jumla kwa mikataba ya mwaka, hawezi kutundika kiwango kimoja. Huyo aandike basi njia ya kuipata bei: nitahitaji kujua nini kutoka kwako, nani atakuja kupima, kupima kunagharimu kiasi gani, na utapewa jibu ndani ya siku ngapi. Pia bei peke yake haitoshi. Mteja anataka kujua mko wapi, mnafungua saa ngapi, analipaje, na bidhaa ikiharibika anamwona nani. Lakini ukishaamua kuandika bei, haya mengine yanakuja yenyewe, kwa sababu huwezi kuandika bei ya kueleweka bila kusema inajumuisha nini.

Sheria nayo iko upande huo. Nchini Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza kwa njia ya mtandao ampe mteja jina lake kamili, anwani na mawasiliano, sifa kuu za bidhaa au huduma, na bei kamili pamoja na usafiri na kodi. Tumeizoea "njoo inboksi" mpaka tukaanza kuiona kama haki ya muuzaji.

Kwa anayetaka kuanza, kazi si kubwa. Fungua simu, soma meseji za mwezi uliopita, na uandike kila swali la bei lililorudiwa pamoja na jibu ulilolitoa. Hiyo ndiyo sehemu ya kwanza ya ukurasa wako, na imekwisha kuandikwa kwa maneno ya wateja wenyewe. Iandike kwa herufi kwenye ukurasa, usiifungie ndani ya picha ya tangazo: picha nzito inakula bando, na anayetafuta mtandaoni kwa maneno "bei ya ukumbi" au "bei ya geti" hufikishwa kwa urahisi zaidi kwenye ukurasa ulioyaandika maneno hayo. Weka bei juu, pamoja na picha, si chini kabisa kama kitu cha kuonea haya.

Na kama baada ya hoja zote hizi mkono bado unasita, sababu inafaa kutafutwa ndani ya biashara yenyewe. Mtu huona ugumu kuandika bei anapojua kwamba wateja wawili wa kazi ileile wamelipa viwango viwili, au kwamba hajawahi kukaa akapiga hesabu ya malighafi, muda na faida. Kuandika bei kunamlazimisha apange hayo kwanza. Bei anayoweza kuieleza mbele ya wote ataiandika bila woga; ile asiyoweza kuieleza, tovuti haiwezi kumsaidia kuiuza.